Usinunue kibodi kwa macho, nunua kwa vidole!

MWANGALUKA, wapenzi wasomaji! Huku kwetu Tabora ndivyo tunavyoamkiana asubuhi, na mgeni asiyeitika tunamwona kama kaja na ugomvi wake. Basi itikieni kwanza, halafu tuendelee.

Wiki hii sina habari za mapenzi, wala za nani kaonekana na nani wapi. Nina habari za vidole. Siyo utani! Kijana wa mjini akienda kununua viatu atavivaa, atatembea hatua tatu mbele ya kioo, atauliza kama kuna namba ya juu yake. Akinunua simu ataigeuzageuza na kupiga picha ya majaribio palepale dukani. Lakini akienda kununua kibodi ya kompyuta, kitu atakachokigonga maelfu ya mara kwa siku, swali lake ni moja tu: "Shilingi ngapi?" Akitajiwa bei anabeba. Hata kwenye boksi haitoi!

Nasema hivyo kwa sababu kugonga vitufe ndiyo kazi inayonipa ugali. Nina kibanda cha steshenari, si mbali na stesheni ya reli. Nachapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya viwanja, kadi za harusi na tafiti za wanachuo. Natoa kopi, nafunga vitabu, napiga laminesheni. Ada ya mdogo wangu inatoka humo humo.

Kompyuta yangu ni ya zamani, ile ya boksi kubwa chini ya meza, Pentium 4, na ndani yake inakwenda Windows XP ambayo wenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tangu mwaka 2014. Ndiyo maana siiunganishi na intaneti ng'o. Wateja wanaicheka. Mmoja aliniambia, "Dada, hii si ungeipeleka Kwihara?" Kwa wasiojua, Kwihara ni hapo nje kidogo ya mji, ilipo nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1872, ambayo sasa ni makumbusho. Nikamjibu kwamba ya makumbusho inaangaliwa, yangu inafanya kazi. Nimeipa jina la Mzee. Mzee hajawahi kunidai kodi, na printa yangu inaelewana naye yeye tu.

Tatizo halikuwa Mzee. Tatizo lilikuwa kibodi yake.

Mwaka jana, kuelekea kiangazi, wanachuo walinishukia na tafiti zao kama nzige. Jioni nikifunga kibanda, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinawaka, na uchungu unapanda mpaka kwenye kiwiko. Kufua siwezi, kukamua nguo ndiyo usiseme. Nikawa nachapa kurasa tano napumzika, mara tatu napumzika, mara nakataa kazi. Kazi yenye kurasa nyingi namwelekeza mteja kwa jirani. Hebu fikiria, unampa jirani hela yako kwa sababu ya kidole kimoja!

Na kibodi yenyewe ilikuwa imeanza vituko. Kitufe cha namba 0 ukikigonga mara moja kinaandika mara mbili. Siku moja nachapa mkataba wa mauziano ya kiwanja cha milioni 3. Naitoa karatasi kwenye printa, naipitia, naona milioni 30! Muuzaji na mnunuzi wote wamekaa kwenye benchi wananisubiri. Nikairudia kabla kalamu haijagusa karatasi. Siku hiyo nikasema basi, kibodi inabadilishwa, tena inabadilishwa kwa akili.

KISWAHILI NA HERUFI A

Kwanza nikajiuliza, kwa nini kidole kidogo cha kushoto? Kwa nini siyo kile kirefu cha kulia? Jibu nikalipata kwenye ule mkataba. Chukua maneno haya: "mkataba wa mauziano ya kiwanja". Hesabu mwenyewe. Herufi ziko 26, na kati ya hizo A ni 9! Zaidi ya theluthi moja ni A. Chukua "wanapatana": herufi 10, A 5. Kiswahili bila A hakiendi hata hatua moja, na A ipo chini ya kidole kidogo cha kushoto, kile dhaifu kuliko vyote.

Kumbe mpangilio huu haukutengenezwa kwa ajili yetu. Ulianza kwenye taipureta ya Mmarekani mmoja, Christopher Latham Sholes, iliyoingia sokoni mwaka 1874 kwa mgongo wa kampuni ya Remington. Wale walikuwa wanawaza Kiingereza, ambacho herufi yake ya kwanza kwa kutumika ni E. Mswahili hakuwepo kwenye kikao. Ndiyo maana Q, ambayo Kiswahili sanifu hakiitaki kabisa, imelala juu kidogo tu ya A kama mpangaji asiyelipa kodi.

Utasema, si kuna mipangilio mingine? Upo mmoja wa Dvorak, uliopewa hataza Marekani mwaka 1936, unasifiwa kwa kupunguza safari za vidole. Nikauangalia kwa hamu. Loh! A ipo palepale, kidole kidogo cha kushoto! Basi nikajua kwamba A yangu haihami. Kama haihami, kitufe chenyewe ndicho kitafutwe cha kukihurumia kidole.

Halafu tusisahau upande wa pili. Sisi tuna mtaa unaitwa Ng'ambo. Kila anwani ya huko inadai ile alama ya ng', nayo ipo kidole kidogo cha kulia. Yaani Mnyamwezi anayechapa Kiswahili anawatumikisha wadogo wawili wa pembeni, wakati wakubwa wa katikati wanakula raha!

MAMA MKUBWA AINGIA

Hapa Tabora ukiwa na shida ya kuchapa huendi mbali. Mji huu ndio wenye Chuo cha Uhazili, ambacho siku hizi ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Makatibu muhtasi wengi walifundishwa hapa hatimkato na kupiga chapa. Mmojawapo ni mama yangu mkubwa. Alimaliza pale enzi za taipureta, enzi ambazo kompyuta ilikuwa hadithi, maana mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuziingiza nchini. Amegonga vitufe miaka thelathini na vidole vyake mpaka leo vinachambua mchele bila kutetemeka.

Nikamwendea. Shikamoo, marahaba, habari za huko, tukafika kwenye kidole. Hakuuliza kibodi. Akasema, "Kaa hapo kwenye kiti, nionyeshe unavyochapa." Nikachapa hewani mbele ya meza yake ya chakula. Akacheka.

"Mwanangu, unapanda mlima. Mabega yamepanda, viganja vimekunjika kwenda juu. Sisi mwalimu alikuwa anapita na rula. Kiwiko kikae usawa wa vitufe, kiganja kinyooke na mkono, miguu yote chini. Na kitufe hakipigwi ngumi, kinaguswa."

Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea. Kwamba taipureta ilikuwa ngumu kuliko kibodi yangu mara kadhaa, lakini ilikuwa na huruma moja. Kila mwisho wa mstari kengele inalia, unainua mkono kurudisha gari. Kila mwisho wa ukurasa unatoa karatasi, unapanga kaboni, unaingiza nyingine. "Mashine yenyewe ilikuwa inatupumzisha," akasema. "Hii yenu inakwenda tu, haina kengele."

Niliondoka pale nikiwa na kazi mbili: kutafuta kibodi na kutafuta kengele.

KWA FUNDI

Nikaenda kwa fundi mmoja anayeuza vipya na mitumba. Nilimwambia natafuta kibodi ya kompyuta ya zamani, akanionyesha kwanza mpya, nyembamba, inang'aa kama kioo. Shilingi 12,000. Nikaibonyeza. Vitufe vifupi, ukigusa tu umefika chini, kama kukimbia peku kwenye saruji. Macho yanaipenda, vidole vinaikataa.

Ya pili ilitokea upande wa Kigoma, nadhani ilivuka ziwa, maana ilikuwa ya Kifaransa. Laini, tamu, lakini A na Q zimebadilishana viti! Na namba zake bila kushika shift hazitoki. Pembeni yake kulikuwa na ya Kijerumani, ambayo Y na Z ndizo zilizobadilishana. Hebu iangalie hiyo kwa Kiswahili: "nyumba yangu" inakuwa "nzumba zangu". Kwa mkataba wa kiwanja hiyo si kibodi, hiyo ni kesi!

Lakini hapa kuna siri ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Kilichochorwa juu ya kitufe ni mapambo. Kompyuta ndiyo inayoamua kitufe gani ni herufi gani, na unaweza kuiambia ifuate mpangilio wa Kimarekani hata kama kibodi imetoka Paris. Anayechapa bila kuangalia hatajali. Mimi sijali, ila mdogo wangu ananisaidia siku za likizo na bado anachungulia vitufe. Nikaziacha.

Ya tatu fundi aliitoa chini ya rundo, imejaa vumbi. Nzito kama tofali, rangi imekuwa ya njano, imeandikwa Cherry. Ya Kiingereza cha Uingereza, maana juu ya 3 kuna alama ya pauni. Nikagonga A. Ikajibu "tak!" kama mtu anayekubali. Nikagonga tena.

Tofauti ni hii, msomaji. Kibodi nyingi za bei nafuu ndani zina karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na juu yake vikombe vya mpira. Kikombe kikibonyea mpaka chini ndipo karatasi zinagusana na herufi inatoka. Kwa hiyo kila herufi lazima ugonge sakafu. Hizi nyingine kila kitufe kina swichi yake na springi yake. Kitufe kinashuka milimita 4, lakini herufi inatoka kwenye ya 2 hivi. Ukizoea, kidole kinageuza njiani, hakifiki chini. Ndiyo "kugusa" aliyosema mama mkubwa!

Fundi alisema kelele zake zitanikera. Nikamwambia jirani yangu ni fundi cherehani, kelele tumezoeana. Lakini sikutaka kuamini masikio. Nikatoa sarafu zangu za shilingi 100, nikaanza kuzipanga juu ya kitufe cha A, moja juu ya nyingine, mpaka kizame. Nikafanya hivyo kwa kila kibodi. Fundi akaacha kazi akaja kutazama. Ile nyembamba ilihitaji sarafu mbili zaidi kuliko ile nzee!

Utaona sarafu mbili si kitu. Tufanye ni gramu 15 tu. Ukurasa mmoja una herufi kama 2,000. Ukichapa kurasa 10 kwa siku ni mibonyezo 20,000. Zidisha: kilo 300! Nawakumbusha kwamba mpagazi wa Kinyamwezi, aliyetoka Bagamoyo kuja hapa Unyanyembe kwa safari ya miezi mitatu hivi, alibeba kama kilo 30. Yaani kwa sarafu mbili tu, vidole vyako vinaongezewa mizigo kumi ya wapagazi kila siku, na hakuna anayewaimbia njiani.

MATUNDU YA NYUMA

Sasa usikimbilie kulipa. Kompyuta ya zamani ina matundu yake. Yangu nyuma ina matundu mawili ya duara yenye pini 6: la zambarau la kibodi, la kijani la mausi. Yanaitwa PS/2, yalikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987. Halafu ina matundu ya USB mawili tu. Moja la printa, moja la flashi za wateja. Kibodi ya USB ingeninyang'anya tundu la kulia chakula! Kwa hiyo ya duara ndiyo niliyoitaka.

Ile nzee ilikuwa na plagi ya duara kubwa, pini 5, ya kizazi cha nyuma zaidi. Fundi akaniletea kiunganishi kidogo cha kutoka pini 5 kwenda pini 6. Hicho hakina ujanja wowote ndani, ni nyaya tu, kwa sababu lugha ya kibodi hizo mbili ni moja. Ila ukitaka kuchomeka kibodi ya USB kwenye tundu la duara, uwe macho. Vile viunganishi vidogo vya bei rahisi vinafanya kazi kwa kibodi zile tu zilizotengenezwa kujua lugha zote mbili. Nyingine itakaa kimya kama bubu na utamlaumu fundi bure. Na tundu la duara halichomekwi wala kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Zima kwanza, unaweza kuunguza bodi.

Tukaijaribu palepale. Nilichapa maneno yangu ya mtihani: "Mkataba wa mauziano ya kiwanja, Ng'ambo, 1,000,000." Kila sifuri ikatoka moja moja. Alianzia 35,000, nikashuka naye mpaka 25,000 pamoja na kiunganishi. Akasema, "Dada, wewe si mteja, wewe ni mkaguzi!"

MEZA NAYO

Nyumbani nikaifungua, nikang'oa vitufe kimoja kimoja kwa kukivuta juu taratibu, nikaviosha kwa maji ya sabuni, nikavianika. Vumbi la kiangazi la Tabora ukilijua utanielewa. Ndani nilipangusa kwa brashi kavu tu, maji hayaingii kwenye swichi.

Wiki ya kwanza kidole kikapungua kuwaka, lakini kiganja bado. Nikakumbuka rula ya mwalimu. Meza yangu ilikuwa ya kulia chakula, ndefu. Nikamwita seremala akakata miguu sentimita 6. Ile miguu midogo ya nyuma ya kibodi, ambayo kila mtu anaisimamisha kwa kudhani ndiyo adabu, nikailaza. Ukiisimamisha, kiganja kinakunjika kwenda juu, na ndiko mshipa unakobanwa.

Kuna wanaosema kifaa si hoja, mwandishi ni mwandishi tu. Nawaambia wamuulize Livingstone. Mwaka 1871 akiwa Nyangwe, huko Kongo, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika kumbukumbu zake juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu za kienyeji. Wino ukafifia, na wataalamu walihitaji mitambo maalumu ya picha ndipo wakaweza kuyasoma vizuri, mwaka 2011. Miaka 140! Alipofika hapa Kwihara na Stanley mwaka uliofuata, alikaa miezi kadhaa akingoja vifaa na wapagazi ndipo aendelee.

Na hapo ndipo nilipoipata ile kengele ya mama mkubwa. Tabora yetu ilikuaje mji? Misafara ya kutoka pwani ilifika hapa ikatua mizigo. Hapa ndipo njia zilipogawanyika, wa Ujiji magharibi, wa Buganda kaskazini. Watu walipumzika, wakala, wakatibu miguu. Mji mzima umezaliwa na mapumziko! Sasa mimi mtoto wa hapa nachapaje saa nne bila kutua mzigo?

Nikaiweka kengele kwenye simu. Kila dakika thelathini inalia, nanyanyuka, nanyoosha vidole, nawasalimia wapita njia. Wateja wa mwanzo walinuna. Sasa wamezoea, wengine wananyoosha na mimi. Miezi minne baadaye nakamua nguo mwenyewe, na zile tafiti za kurasa mia moja hazivuki tena kwenda kwa jirani. Mdogo wangu kalipiwa ada ya muhula.

Kwa hiyo, wewe uliyerithi kompyuta ya mjomba au umenunua ya mtumba, shika haya. Angalia tundu lililopo nyuma kabla ya kutoka nyumbani. Dukani itoe kibodi kwenye boksi, igonge A mara hamsini, kisha panga sarafu. Chapa sentensi yako ya Kiswahili, siyo jina lako tu. Na kama vidole vinakufa ganzi usiku, usiende kwa fundi wala usiniandikie mimi, nenda hospitali.

Kengele imelia. Natua mzigo. Tukutane wiki ijayo!